Je, Wajua? Lupasi, Sonona na Swali Tusilouliza

Wiki hii safu inawaendea watu ambao kinga ya mwili wao imegeuka na kuushambulia mwili uleule: wenye lupasi, baridi yabisi, soriasisi, mbalanga, kisukari cha aina ya kwanza, maltipo sklerosisi na maradhi mengine ya ukoo huo. Tunayazungumza kwa habari ya viungo, ngozi na figo. Yanavyoitesa akili, na yanavyoweza kumfikisha mtu kwenye mawazo ya kujiua, tunanyamaza. Basi tuseme.

Je, wajua kwamba machozi ya mgonjwa wa lupasi yanaweza kuwa dalili ya lupasi yenyewe, sawasawa na maumivu ya magoti? Mwaka 1999 chama cha madaktari bingwa wa baridi yabisi cha Marekani kilitoa orodha ya hali 19 za ubongo na neva ambazo lupasi huweza kuzileta. Kuna kifafa na kiharusi. Kuna pia sonona, wasiwasi uliopitiliza, kusahausahau, na kule kurukwa na akili ambako mtu huona au kusikia visivyokuwapo. Ukishaijua orodha hiyo, maneno kama “anajidekeza” na “imani yake haba” hayana tena pa kusimama.

Wala si habari mpya. Moritz Kaposi, daktari wa ngozi wa Vienna, aliandika mwaka 1872 kwamba lupasi haiishii kwenye ngozi: wagonjwa wake walishikwa na homa, wakavimba viungo, wakakonda, na wengine wakaweweseka.

Je, wajua kinga ya mwili inaingiaje kwenye moyo wa mtu? Inapoamshwa, seli zake hutoa kemikali za kupelekeana taarifa ziitwazo saitokini, na taarifa hizo hufika hadi kwenye ubongo. Homa kali ikikushika hutaki kula, hutaki mazungumzo, hutaki kuguswa. Unataka kulala tu na kuachwa. Hiyo ni kazi ya saitokini, na kwa mtu mwingine huisha baada ya siku chache. Mwenye ugonjwa wa kinga anaweza kukaa nayo miezi, hata miaka, huku akipika, akifundisha, akiuza duka, akitabasamu kwenye harusi za watu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitokana na tiba. Watu waliokuwa wakidungwa interferoni, moja ya saitokini hizo, ili kutibu homa ya ini aina ya C, waliingia kwenye sonona kwa wingi, takriban theluthi yao, na wengi hawakuwa wamewahi kuijua kabla ya sindano. Ugomvi wa nyumbani haukuwa umezidi, wala imani haikuwa imepungua. Kilichoongezeka mwilini mwao ni kemikali moja tu.

Nchini Denmark kila anayetibiwa hospitalini huingia kwenye daftari la taifa, na watafiti waliwahi kulisoma daftari hilo kwa watu milioni 3.56. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba aliyewahi kutibiwa hospitalini kwa ugonjwa wa kinga kujishambulia alikuwa na uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kupata baadaye sonona au ugonjwa mwingine wa hisia. Akiwa amepata pia maambukizi makali ya kumfikisha hospitali, uwezekano ulipanda kupita mara mbili.

Je, wajua kwamba kati ya watu 100 wenye baridi yabisi, ile inayovimbisha na kupinda vidole, takriban 17 wana sonona kamili kwa vigezo vya daktari wa akili? Kwa lupasi, tafiti zikijumlishwa pamoja, hesabu hufika karibu mtu mmoja kati ya wanne. Fikiria foleni ya kliniki asubuhi moja, kisha hesabu.

Katika utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 2002, wagonjwa 140 wa maltipo sklerosisi, ambamo kinga hubambua utando unaofunika neva, waliulizwa ana kwa ana kuhusu kujiua. Karibu 29 kati ya kila 100 walijibu kwamba waliwahi kukusudia wakati fulani wa maisha yao. Theluthi ya hao hawakuwa wamepata msaada wowote wa kisaikolojia.

Hapa lazima niseme jambo moja kabla hatujaendelea. Wagonjwa walio wengi mno hawajiui. Mawazo haya huja, huzidi, hupungua, na yakipata tiba huondoka. Takwimu hizi nazitoa ili swali liulizwe mapema. Sizitoi ili mwenye lupasi anayesoma hapa aone kwamba hukumu yake imeshaandikwa.

Je, wajua kipindi cha kumtazama mgonjwa kwa makini zaidi ni kipi? Wengi hudhani ni mwishoni, ugonjwa ukishamlemaza. Uchunguzi wa Sweden juu ya wagonjwa wa maltipo sklerosisi uliona kwamba hatari ya kujiua hupanda hasa katika mwaka wa kwanza baada ya kuambiwa jina la ugonjwa, na hasa kwa vijana wa kiume. Ndio mwaka ambao familia nzima imeshusha pumzi: “Afadhali sasa tunajua ni nini.” Kijana mwenyewe ndio kwanza anakaa peke yake na neno “maisha yote”.

Kuhusu wanaume tusipite haraka. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi wa lupasi ni wanawake, na hivyo mwanaume mwenye ugonjwa huo huona haya hata kuutaja. Duniani kote, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wanaume hufa kwa kujiua kwa kiwango kinachozidi mara mbili cha wanawake. Mjomba aliyeacha kwenda barazani, aliyeacha kubishana mpira, aliyeanza kugawa vitu vyake alivyovipenda na kuwaaga watu bila safari, anahitaji kuulizwa leo.

Je, wajua kwamba lupasi inaweza kumpa mwanamke majibu ya uongo ya kaswende? Baadhi ya wagonjwa hutengeneza kingamwili zinazoshambulia mafuta yaitwayo fosfolipidi, na vipimo vya zamani vya kaswende, VDRL na RPR, hutumia mafuta ya jinsi hiyo. Kipimo kinasoma “ndiyo” pasipo kaswende. Sasa weka jambo hilo kwenye kliniki ya wajawazito, ambako kipimo cha kaswende ni cha lazima na mume huitwa. Nyumba inaweza kuvunjika kwa sababu ya kingamwili. Ukipewa majibu hayo na una maumivu ya viungo, upele usoni au mimba zilizoharibika, omba kipimo cha pili cha uhakika kabla ya neno lolote kufika kwa mawifi.

Kingamwili hizohizo hugandisha damu na huweza kuharibu mimba moja baada ya nyingine. Graham Hughes na wenzake wa London waliieleza hali hiyo mwaka 1983, na leo inatibika: aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini huwafikisha wanawake wengi kwenye kujifungua salama. Lakini kabla ya kufika kwa daktari huyo, ni wangapi wameitwa wachawi wa watoto wao wenyewe? Ni wangapi wamerudishwa kwao? Tukizungumza sababu za mtu kukata tamaa, saitokini zina sehemu yake na ukoo una sehemu yake, na sehemu ya ukoo ndiyo iliyo mikononi mwetu.

Hali kadhalika ile miaka ya kutojulikana. Homa inayokwenda na kurudi, uchovu, viungo vinavyouma: hapa kwetu mtu hutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena, kisha anapelekwa kwa mganga au kwenye maombezi, kisha anaambiwa hana kitu. Madaktari bingwa wa maradhi haya Afrika Mashariki ni wachache sana na wamejikusanya kwenye hospitali za miji mikubwa. Mgonjwa anayeambiwa hana kitu huku hawezi kufunga vifungo vya shati huanza kuitilia shaka akili yake mwenyewe. Nywele zikidondoka na mwili ukipungua, mtaa unamalizia: “Kaukwaa.” Anakufa sifa yake angali hai, kwa ugonjwa asionao.

Je, wajua kwamba dawa inayookoa maisha yao inaweza pia kuvuruga akili? Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench alimdunga kotisoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Siku chache baadaye mama huyo alikuwa akitembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini baadhi ya wagonjwa wa mwanzo walichangamka kupita kiasi, wakakosa usingizi, na wengine wakapagawa.

Mjukuu wa kotisoni ni prednisoloni, kidonge ambacho karibu kila mwenye lupasi anakifahamu. Mwaka 1972 madaktari wa Boston walichapisha hesabu ya wagonjwa wa hospitali waliopewa prednisoni, ndugu yake wa karibu. Waliotumia miligramu 40 au chini kwa siku, asilimia 1.3 walipata matatizo ya akili. Waliozidi miligramu 80, asilimia 18.4. Dozi ndiyo inayoamua zaidi, na matatizo mara nyingi huanza siku za mwanzo au wiki za mwanzo. Basi mtu akianzishiwa dozi kubwa, anayekaa naye nyumbani aambiwe waziwazi na daktari nini cha kutazama: usingizi kupotea kabisa, maneno kukimbia, hasira isiyo yake, kulia bila sababu, kusikia sauti, kusema afadhali afe.

Kunywa kidonge hicho asubuhi baada ya chakula huwasaidia wengi kulala usiku. Jambo dogo, lakini usingizi ukirudi mengi hurudi.

Wajua pia kwamba kukiacha ghafla ni hatari? Mwili uliozoea prednisoloni kwa wiki nyingi huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya kotisoli. Ukikata siku moja, shinikizo la damu linaweza kuanguka na mtu akapoteza maisha, na moyo nao huweza kudidimia. Anayevimba uso hadi majirani wakamtania ana kila sababu ya kutaka kuacha. Msimcheke. Apelekwe kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo.

Na hapa pana mtego unaowasumbua hata mabingwa. Mgonjwa wa lupasi aliye kwenye prednisoloni akichanganyikiwa, je, ni lupasi imefika kwenye ubongo, au ni dawa? Ikiwa ni lupasi, pengine dozi inapaswa kupanda. Ikiwa ni dawa, inapaswa kushuka. Njia mbili zinazopingana kabisa, na pengine ni maambukizi kwenye ubongo, ambayo ni njia ya tatu. Ndiyo maana hali hii si ya kuamuliwa dukani wala kwa simu, na ndiyo maana daktari wa viungo na daktari wa akili wanapaswa kukaa meza moja. Mpaka leo sehemu nyingi hawajuani hata kwa majina.

Klorokwini tunaikumbuka sote, kwa uchungu wake na kwa mwasho wake. Imeondolewa kwenye malaria, lakini dada yake, haidroksiklorokwini, ndiyo nguzo ya tiba ya lupasi. Mwaka 2020 ilipovumishwa kuwa tiba ya korona, wagonjwa wa lupasi wa nchi nyingi waliikosa madukani. Novemba mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa tahadhari kwamba mara chache dawa hizi mbili huweza kuleta matatizo ya akili, pamoja na mawazo ya kujiua. Mara chache, faida yake kwa lupasi ni kubwa, na anayeitumia vizuri hana sababu ya kuitupa. Ana sababu ya kumwambia daktari hali yake ya moyo ikibadilika.

Belimumabu, dawa ya lupasi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, nayo ina onyo la sonona na mawazo ya kujiua kwenye maelezo yake. Brodalumabu, ya soriasisi, iliidhinishwa huko mwaka 2017 ikiwa na onyo la kujiua ndani ya kisanduku cheusi, ngazi ya juu kabisa ya tahadhari nchini humo.

Soriasisi yenyewe haiambukizi. Mbalanga haiambukizi. Uchunguzi wa kumbukumbu za madaktari wa Uingereza uliotoka mwaka 2010 uliona kwamba wenye soriasisi walikuwa na uwezekano wa asilimia 39 zaidi wa kutambuliwa kuwa na sonona, na asilimia 44 zaidi wa kuwa na mawazo au vitendo vya kujiua. Kinyozi anayekataa kumnyoa mtu, abiria anayehama kiti kwenye daladala, mama mkwe anayetenga kikombe: kila mmoja anaongeza kitu kwenye hesabu hiyo. Kwenye ngozi nyeusi mbalanga huonekana kwa mbali, na mwenye nayo hana pa kujificha.

Je, wajua kuna sonona inayogunduliwa kwa kipimo cha damu? Tezi ya thairodi iliyoko shingoni ikishambuliwa na kinga, katika ugonjwa ambao Hakaru Hashimoto wa Japani aliueleza mwaka 1912, huweza kupoa na kumpooza mtu mzima: uzito, baridi, usahaulifu, huzuni. Mwaka 1949 daktari Mwingereza Richard Asher alieleza habari za wagonjwa 14 waliohesabiwa kuwa wendawazimu kumbe tezi zao zilikuwa zimelala; wengi wao walipona kwa dawa ya tezi. Upungufu wa vitamini B12 unaoletwa na kinga kushambulia tumbo nao huweza kufanya vivyo hivyo. Vipimo vyote viwili vipo katika hospitali zetu kubwa. Kabla ya kumtangaza mtu kuwa mwendawazimu wa kudumu, vifanywe.

Na mama aliyejifungua? Takriban mwanamke mmoja kati ya 20 hupata uvimbe wa tezi unaotokana na kinga ndani ya mwaka mmoja wa kujifungua. Baridi yabisi pia, ambayo mara nyingi hutulia wakati wa mimba, hurudi kwa kishindo baada ya mtoto kuzaliwa. Mama haamki, mama hamtaki mtoto, mama analia. Arobaini ikiisha hali bado ni hiyo, shangazi amsindikize hospitali.

Kuna ugonjwa mwingine ambao natamani kila shemasi, kila shehe na kila mganga aujue. Josep Dalmau na wenzake waliueleza mwaka 2007. Mara nyingi ni msichana au mwanamke kijana. Anaanza na kichwa na homa ndogo. Siku chache baadaye anapiga kelele, anaona watu wasiokuwapo, anakakamaa uso, anapata degedege, kisha ananyamaza kabisa. Nyumbani watasema ni mapepo, na kwa kweli ukimtazama huwezi kuwalaumu. Kingamwili zake zinashambulia vipokezi vya NMDA kwenye ubongo, wakati mwingine zikichochewa na uvimbe wa ovari. Uvimbe ukitolewa na kinga ikitulizwa, wengi hupona wakarudi shuleni na kazini. Mwandishi wa habari wa New York, Susannah Cahalan, aliugua mwaka 2009, akapona, akaandika kitabu. Mwombeeni mgonjwa, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mwimbaji Selena Gomez, mwenye lupasi, alisimamisha ziara yake mwaka 2016 na kusema hadharani kwamba wasiwasi, hofu za ghafla na sonona vimemjia pamoja na ugonjwa huo. Mwaka 2017 akapandikizwa figo. Msichana wa Mbeya au Kisumu mwenye vidonge vilevile alikuwa na mtu maarufu wa kumwonyesha mama yake.

Je, wajua kwamba kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani? Hofu hii ndiyo inayotufunga midomo, basi tuishughulikie. Mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya utafiti uliowagusa wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York. Nusu waliulizwa kuhusu kujiua, nusu hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuwa na dhiki zaidi wala mawazo zaidi kuliko wenzao, na wale waliokuwa tayari na sonona walionekana kupata nafuu kidogo kwa kuulizwa.

Namna ya kuuliza? Moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili. “Dada, maumivu haya yamewahi kukufikisha mahali pa kuwaza kujiua?” Usiseme, “Huwazi mambo ya kijinga, eti?”, maana hapo umeshamjibia. Akisema ndiyo, usimhubirie papo hapo. Uliza kama amepanga, lini, na kama ana kitu cha kutumia. Kama amepanga, usimwache peke yake. Nendeni hospitali pamoja.

Hospitalini kuna dodoso fupi la maswali tisa, PHQ-9, juu ya wiki mbili zilizopita. Swali la tisa ndilo la kutaka kufa au kujidhuru. Toleo la Kiswahili lipo na limepimwa Kenya na Tanzania. Dakika tano zinatosha. Kliniki ya viungo inapima mkojo wa kila mgonjwa wa lupasi ili kuzilinda figo zake, na inafanya vyema. Sioni sababu ya kutompa kila mmoja wao na karatasi hii.

Wajua sheria inasemaje? Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume cha Katiba. Kifungu hicho kilimtishia aliyejaribu kujiua akanusurika kifungo cha hadi miaka miwili. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mtu huyo kuwa mkosaji. Nasema bila kuzunguka: kifutwe. Mgonjwa anayeogopa polisi hatamjibu daktari kweli, na ndugu zake watasema alianguka bafuni.

Je, wajua kwamba bibi kizee mwenye benchi anaweza kutibu sonona? Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa aliyejiua kwa kukosa nauli ya basi ya kumfikisha kliniki. Mwaka 2006 akaanza na bibi 14 wa Harare, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kuchambua tatizo moja baada ya jingine, wakikaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Jaribio lililotangazwa mwaka 2016 lilihusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, waliokaa na bibi waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu 14 kati ya 100. Waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Benchi hilo limeshafika Zanzibar. Mwenye baridi yabisi asiyeweza kupanda daladala mbili kwenda mjini anaweza kufika kwenye benchi la mtaani kwake.

Dawa za sonona nazo hufanya kazi kwa wenye magonjwa ya muda mrefu. Fluoksetini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nafuu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo wiki ya pili si wakati wa kukata tamaa wala wa kuacha.

Karatasi nyingine ya thamani ni mpango wa usalama. Mgonjwa na mhudumu huandika pamoja: dalili zangu za kuzidiwa ni zipi, nitafanya nini peke yangu, nitakwenda wapi penye watu, nitamwambia nani, mtaalamu wangu ni nani, na vitu vya hatari viondoke nyumbani vipi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 juu ya watu 1,640 waliofika hospitalini wakiwa na mawazo ya kujiua uliona kwamba waliopewa mpango huo na kupigiwa simu baadaye walikuwa na matukio ya kujiua pungufu kwa asilimia 45 katika miezi sita. Mfamasia naye anaweza kusaidia: atoe dawa za wiki mbili badala ya miezi mitatu, na mtu mwingine wa nyumbani azitunze.

Namba za simu, zikate uziweke. Kenya, 1199 ya Msalaba Mwekundu, bure. Mtoto au kijana, Kenya na Tanzania, 116. Tanzania, 199 ya Wizara ya Afya. Walioko Marekani na Kanada, 988. Uingereza, 116 123 ya Samaritans.

La mwisho kwa leo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo kutoka Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, kwa watu 1,867 waliojaribu kujiua wakanusurika. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu waliongezewa mazungumzo ya saa moja, kisha wakatembelewa au kupigiwa simu mara tisa katika miezi 18: unaendeleaje, unalala, unahitaji nini. Katika kundi la kwanza, asilimia 2.2 walikuwa wamefariki kwa kujiua. Katika la pili, asilimia 0.2. Kazi hiyo haikuhitaji daktari bingwa. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mwezi Septemba 2023, kila mmoja na mkoba wake: mna kipima shinikizo la damu, kipima sukari na mizani. Maswali tisa ya PHQ-9 yanaenea kwenye ukurasa mmoja, na nafasi kwenye mkoba ipo.